Saa Mbili ya Karani

Wiki hii, katika ofisi moja mjini Nachingwea, nilimkuta mwalimu kutoka Mnero akisubiri kutuma majina ya watahiniwa wake kwa barua pepe. Siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo, na intaneti ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Fundi kutoka Ruangwa aliinamia kompyuta ya Linux inayogawa intaneti ofisini, ambayo imepangwa kuifunga usiku.

"Nani kaweka saa hapa?"

"Mimi," karani akajibu, akigonga kioo cha saa yake ya mkononi. "Umeme uliporudi, tarehe na saa vilikuwa vimepotea. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaandika mbili."

"Mzee wangu, kwa mashine mbili ni usiku wa manane. Ndiyo maana imefunga. Ungeandika nane."

"Si ina programu ya kujirekebisha, fundi?"

"Dakika chache inarekebisha. Ikikuta tofauti ya saa sita nzima, inaacha kazi."

Akaisahihisha saa kwa mkono, akaiwasha programu upya, majina yakaenda.

Mwalimu alishangaa programu kuacha kazi mbele ya kosa kubwa. Mimi sikushangaa. Nimetumikia wakubwa wa namna hiyo: ukichelewa dakika tano unaandikiwa barua, kosa likiwa kubwa hakuna aliyeliona.