Kuni za Uzazi

Mwaka ule mafuta ya taa yaliadimika Kigombe mpaka watu wakawa wanalala magharibi. Mwenye duka alisema mfereji wa Misri umefungwa, meli hazipiti. Haya, meli hazipiti. Mbona yale yaliyokuwa stoo tangu zamani nayo yakawa yanapanda bei kila nikienda? Tulizoea kununua kwa chupa, tukashuka mpaka kikombe cha kahawa. Hasira ile ninayo hadi leo.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, miezi minane. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, siku arobaini, na kuni za kazi hiyo hukusanywa mapema. Ni kuni za uzazi, haziguswi. Jirani akikwama atapewa kaa la moto, kuni hizo hapewi. Zangu nilizikata mwenyewe, tumbo mbele, panga mkononi, kabla bwana misitu hajapiga marufuku kukata mikoko. Nikazipanga nyuma ya jiko, zikakauka vizuri.

Sasa mjini, waliokuwa wakipikia majiko ya mafuta wakahamia kwenye kuni. Lori likaanza kuja kijijini kununua. Siku moja natoka kisimani, nakuta nyuma ya jiko peupe. Peupe kabisa! Mume wangu amekaa barazani, na kando yake debe zima la mafuta ya taa.

"Kuni zangu ziko wapi?"

"Nimeziuza, nikanunua debe hili. Bei inapanda. Mwezi ujao tutaliuza, tununue kuni tele, na kanga juu yake."

"Na nikijifungua kesho?"

"Aa, bado mwezi mzima."

Mwezi mzima! Utadhani aliandikiana na mtoto. Siku ya nne uchungu ukanishika, nikazaa mtoto wa kike, na masika nayo yakaanza siku hiyohiyo. Mume wangu akaenda porini, akarudi na matawi ya mkorosho, mabichi, yanatoka maji. Moshi ukajaa nyumba nzima, mtoto akakohoa, na maji hayakupata hata uvuguvugu. Lile debe halikuwa na msaada wowote. Jiko la mafuta hatukuwa nalo, tulikuwa na kibatari, na kibatari hakichemshi maji ya kumkanda mtu.

Mama yangu akaja asubuhi yake. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo, mama," macho chini. Mama akaitika marahaba, akautazama ule moshi, akageuka akaondoka. Nikadhani amesusa. Adhuhuri akarudi na mzigo wa kuni kichwani, ameufunika jamvi. Zilikuwa kavu, nyeusi kwa masizi. Nikamuuliza amezipata wapi.

"Wewe lala, mwanangu. Umezaa jana, maswali ya nini?"

Akanikanda, akanifunga mkaja tumboni, akaninywesha uji wa pilipili manga, kisha akarudi kwake upande wa pili wa kijiji. Siku arobaini hakukosa hata moja, na kila siku na mzigo wake. Mume wangu naye kila akipita penye debe hulipiga kwa kidole, asikie kama bado limejaa. Nilitamani kumrushia sufuria.

Arobaini ilipotoka nikambeba mtoto nimpeleke kwa bibi yake. Mvua inanyesha. Nikamkuta mama amechutama uani, mwavuli ameubana begani, anasonga ugali kwenye mafiga. Pale lilipokuwa jiko lake palibaki mashimo ya nguzo, yamejaa maji. Nguzo, fito, pao, vyote alikuwa amevivunja kidogo kidogo, akanikandia mimi.

"Usimgombeze mwenzio," akasema. "Jiko ni miti tu."

Miti tu! Nililia kwa hasira, simwoni hata mtoto. Nikamwachia mama, nikarudi nyumbani mbio, nikajitwika lile debe mchana kweupe nikaliuze dukani. Mume wangu akanifuata njiani akipiga kelele, bei bado inapanda, nisubiri japo wiki mbili.

"Hizi ni nguzo za mama," nikamwambia. "Na wewe ndiye utakayezichimbia. Mpaka jiko lake lisimame, kwangu huli."

Alidhani namtania. Jioni akanawa mikono, akaja kukaa mkekani kungoja sahani. Nikala mbele yake, nikamaliza.