Jiwe la Mlangoni

Thayne Ollerton alikuwa na dharau ya kuugawia mji mzima na ikabaki ya akiba. Fundi bomba mstaafu, mkavu, mwenye shingo ya kobe, kila majira ya baridi aliwaongoza watu wa kujitolea kuchonga njia za baiskeli katika jangwa la kusini mwa Utah, Marekani. Kiangazi hakuna kazi: mchanga mkavu ukiushindilia leo, kesho upepo umeubeba. Kwa hiyo mvua ikinyesha tu, watu wanaamkia mlimani na sururu zao, bila malipo, waje watukanwe na Thayne.

"Bwana we, unachimba au unapapasa?"

Na aliyekanyaga ule utando mweusi wa vijimea hai unaoshika udongo wa jangwa, ambao ukivunjika hauoti tena mpaka mtu azeeke, alifokewa mbele za watu: "Toka hapo! Umekuja kujenga au kuua?" Hapo alikuwa na haki, lakini hata haki ikipita kinywani mwake ilitoka chachu.

Aliyemdharau kuliko wote ni Marlys Jessop, mpishi wa shule, mnene na mcheshi, ambaye kila penye mawe alishuka akakokota baiskeli yake huku akipiga soga.

Mwaka huo walichonga njia ya juu ya genge. Wajenzi wa huko wana desturi: mwanzoni mwa njia ngumu huweka kikwazo sawa na kile kigumu kuliko vyote vilivyo mbele, ili asiyeweza ajijue mapema na kugeuka, asije akajulia ukingoni. Wenzake walitaka jiwe la kufika nusu ya muundi. Thayne akachagua kubwa, akalizika zaidi ya nusu na bado likafika gotini, akalishindilia kwa kokoto, wavivu wasije wakaling'oa.

"Njia yenyewe haina pagumu hivyo, Thayne," Marlys akasema. "Utawafukuza watu bure."

"Nisiwafukuze kwa nini? Hapa si bustani ya watoto."

"Na wewe utalipanda?"

"Mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, rudi kwenye masufuria yako."

Kiburi hicho! Goti lake lilipasuliwa hospitalini majani yalipopukutika, na jiwe hilo hakuwahi kulijaribu hata mara moja. Lakini mkuu wa wajenzi ndiye hupita wa kwanza siku ya kufungua, na heshima hiyo ndiyo pekee aliyoitaka duniani. Mke hakuwa naye tena, na wanawe walikuwa wamechoka kusemwa.

Siku ikafika. Watu wakajipanga kando ya miti ya mireteni. Thayne akaja kwa kasi, akainua gurudumu la mbele, la nyuma likagonga, akaenda chini kama gunia la viazi. Akajaribu tena, akaanguka tena. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli wote walinyamaza, isipokuwa Marlys.

"Pole, mzee," alisema, tena kwa moyo safi. Afadhali angemzaba kofi.

"Limekaa vibaya. Nipeni mtaimbo!"

Wakampa. Akausokomeza chini ya jiwe, akaukandamiza kwa uzito wake wote, mishipa ikamtoka shingoni. Jiwe halikutikisika. Alikuwa fundi hodari, jamani, hilo nani alikane?

"Acha bwana," Marlys akasema, akinyoosha mkono. "Nipe baiskeli nikuvushie. Wewe pita kwa miguu, uipande huko mbele."

Thayne aliutazama ule mkono mnene kana kwamba umetoka chooni. Akageuza baiskeli, akaikokota mpaka kwenye gari lake, akaondoka.

Wenye nguvu wakaruka jiwe. Marlys akavusha yake begani, akaipanda upande wa pili, akapiga vigelegele njia nzima. Ilikuwa tamu kweli njia ile, kona zake zilimbeba mtu zenyewe. Hakuna aliyemtaja Thayne mpaka wakati wa kula, na hapo ni kwa sababu kahawa yao yote ilikuwa imeondoka ndani ya gari lake.