Siku Bi Mardhiya Aliposema Hajui

Fika Mtambile uulizie nyumba ya Bi Mardhiya Bakari, nawe utaulizwa kwanza: "Wa chuoni?" Kisha mtu ataacha alilokuwa akilifanya akupeleke mpaka mlangoni, na njiani atakwambia kwamba hata yeye alisoma pale. Miaka arubaini na mmoja Bi Mardhiya amesomesha watoto Kurani, kwanza barazani kwa babake, kisha katika banda la makuti, na sasa katika chumba cha matofali chenye bati jekundu. Chumba hicho walimjengea wanafunzi wake wa zamani. Huyu alileta saruji, yule milango, na mmoja aliyekuwa dereva wa lori akaleta mchanga safari saba. Siku aliyokabidhiwa ufunguo alikataa kulia mbele za watu. Alizikagua kuta, akaugonga mlango kwa kidole, akasema, "Dirisha hili mmelipandisha juu mno. Watoto wafupi hawatapata upepo." Likateremshwa wiki ile ile.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye masikio ya ajabu. Watoto sitini wakisoma kwa pamoja, mmoja akikosea herufi, yeye humwita kwa jina bila hata kuinua macho. Fimbo hakuwa nayo tangu mwanzo. Alijivunia mambo mawili: kwamba hakuna mtoto aliyetoka kwake akisoma kwa kubabaisha, na kwamba hakuna mtoto aliyemuuliza jambo akakosa jibu. Pepo ina milango mingapi, moto una matabaka mangapi, kaburini mtu huulizwa nini na nani. Yote aliyajibu pale pale, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda Mkoani.

Mwaka ambao mambo yaligeuka, mikarafuu ilizaa kupita kiasi. Skuli zilifungwa ili watoto wakasaidie mashambani, na wanaume wakawa hawaonekani mskitini ila wachache. Jambo hilo lilimuudhi Bi Mardhiya. Basi Jumatano moja akawasomesha watoto juu ya mtu anayeiacha sala ya Ijumaa kwa sababu ya dunia. Hakulipitia juu juu. Aliwaeleza huo moto, rangi yake, mngurumo wake, na mnyororo atakaofungwa mtu huyo shingoni. Watoto walitulia kimya hata nzi akasikika. Alirudi ndani ameridhika, kwa kuwa somo limeingia.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, Duni Mgeni alikuwa juu ya mkarafuu wakati adhana inaadhiniwa. Duni alikuwa mchumaji hodari, mtu wa mizaha, baba wa watoto watatu. Wenzake walimwita ateremke. Aliwajibu kwamba limebaki tawi moja tu, mvua hiyo inakuja. Tawi likakatika. Gari lilipofika hospitali, Duni alikwishakata roho.

Bintiye wa kwanza, Shadya, alikuwa na miaka tisa, na alikuwa miongoni mwa wasomaji wazuri kabisa wa Bi Mardhiya. Alirudi chuoni baada ya siku kumi. Hakulia, hakucheza. Alifungua msahafu, akauangalia tu. Kisha, wenzake wote wakisikia, akauliza:

"Bi, baba yangu yumo motoni?"

Jibu Bi Mardhiya alikuwa nalo. Alilitoa mwenyewe siku ile ya Jumatano, kwa kinywa chake, mbele ya mtoto huyu huyu. Lakini hakulirudia.

"Hayo si ya kuuliza watoto," alisema mwishowe. "Soma."

Shadya aliufunga msahafu, akaubusu, akaurudisha kwenye rafu yake, akatoka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja alikuja Khairiya, mjane wa Duni, bado yumo edani, kipindi ambacho mjane hukaa ndani, na kutoka kwake tu kulionyesha kwamba jambo limemzidi. Hakuketi alipokaribishwa.

"Bi Mardhiya, nimekuja kwa heshima zote. Mwanangu ulimwambia nini?"

"Kwani kafanya nini?"

"Kila nikiwasha moto, auzima. Nikiteleka chungu, nikigeuka kidogo tu, ashamwaga maji jikoni. Jana kamwaga ndoo nzima. Nilipomkaripia akaniambia, 'Mama, wenzangu wamesema baba kaiacha Ijumaa, na Bi ndiye kawafundisha.' Sasa siye nyumbani twala mikate ya dukani."

Bi Mardhiya alitafuta kanga ya kutokea, akaikosa, nayo iko begani mwake. Walifuatana mpaka kwa Khairiya.

Alimkuta Shadya uani, ameketi mbali na mafiga, magoti kifuani. Bi Mardhiya alijikunja akaketi chini karibu naye, juu ya mchanga, jambo ambalo mtoto yule hakuwahi kumwona akilifanya.

"Shadya, uliniuliza jambo, nikakuambia usome. Nilikosea. Niulize tena."

"Baba yumo motoni?"

"Sijui."

Shadya alimgeukia. Pengine hakupata kulisikia neno lile kutoka kinywani mwa mwalimu wake.

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Siku ile nilisema kama mtu aliyekwenda huko akarudi, akaona nani yumo na nani hamo. Mie sijakwenda. Nimefundishwa, nimeamini, nanyi nikawafundisheni. Lakini babako yuko wapi, hilo sikufundishwa na mtu yeyote."

"Na wenzangu je? Wao wajua?"

"Hawajui."

"Na Mzee Silima?"

Mzee Silima ndiye mwenyekiti wa kamati ya chuo, mtu anayeogopwa na watoto kuliko wote Mtambile.

"Mzee Silima naye hajui," alisema Bi Mardhiya. "Usende ukamwambia."

Midomo ya mtoto ilitikisika, kama inayotaka kucheka ikasahau njia. Kisha akauliza, taratibu, "Ila wewe, waamini nini?"

"Naamini Mungu ana huruma kunishinda mie. Na mie babako ningemsamehe. Ningemsamehe kabla hajafika chini."

Hapo ndipo Shadya alipolia, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Alilia mpaka akalala mapajani mwa mwalimu wake, na Khairiya akawasha moto bila kuzuiwa na mtu.

Mwingine angeishia hapo. Bi Mardhiya aliona haitoshi, kwa sababu kosa alilifanya mbele ya watoto sitini. Siku ya pili alisimama mbele yao chuoni akawaambia, "Niliwaambieni kuna watu wamo motoni, mkaanza kuwataja kwa majina. Nani yumo na nani hamo, sijui mie, na hamjui nyie. Tangu leo tutasema hivi: kilichoonwa kwa macho, tutasema twajua. Tulichofundishwa na kukikubali moyoni, tutasema twaamini. Yote mawili ni makubwa. Lakini tusiyachanganye."

Watoto waliligeuza mchezo papo hapo. Mmoja akapiga kelele, "Karafuu mbichi nzito kuliko kavu!" Wakajibu, "Twajua!" Mwingine, "Malaika wawili mabegani!" "Twaamini!" Bi Mardhiya aliwaachia, kisha akawarudisha kwenye somo lao la Juzuu Amma.

Lakini watoto walifika nyumbani na maneno. Haikupita wiki, Mzee Silima aliitisha kikao baada ya Alasiri, mle mle chuoni, na wazazi wakajaa mpaka nje ya mlango.

Mzee Silima hakuwa mtu mbaya, na alizungumza kwa adabu. "Bi Mardhiya, hapa hakuna asiyejua kazi yako. Mie mwenyewe wanangu wamepita mikononi mwako. Lakini mtoto hapimi mambo. Ukimwambia 'twaamini', yeye anasikia 'labda'. Na siku hizi simu ziko mikononi mwao, kila mtu anawaambia lake. Siye tukitia shaka ndogo, wengine watatia kubwa. Mtoto aambiwe ni hivi, basi, ni hivi. Akikua ndipo afafanue."

Watu waliguna kukubali. Kijana mmoja, Suhail, mwalimu wa sayansi skuli, aliinua mkono. "Mie nauliza tu. Kama ni mambo ya kuamini, kwa nini tusingoje wakue, wachague wenyewe?"

Maguno yakawa ya aina nyingine. Bi Mardhiya alinyanyuka kabla mtu hajamrukia kijana yule.

"Mwalimu Suhail, mwanao alipozaliwa ulimsemesha Kiswahili. Hukungoja akue achague. Ulimpa kilichokuwamo kinywani mwako, kwa sababu wampenda. Na mie nawapa watoto nilicho nacho. Siwezi kuwanyima, hilo usinitake." Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, Mzee Silima, waniambia nikilisema neno 'naamini' nimetia shaka. Basi hebu nikumbushe, mtoto akisoma nguzo za imani, neno lake la kwanza ni nini?"

"Amantu," alijibu Mzee Silima.

"Maana yake?"

Mzee alitazama kofia yake mapajani. "Nimeamini."

"Nimeamini. Si nimeona. Ndivyo tulivyopewa, na mie nimelirudisha neno mahali pake. Na mashehe wakubwa, waliokesha na vitabu maisha yao yote, wakimaliza kutoa hukumu husema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wao wakisema hivyo, mie wa Mtambile ni nani hata niwapangie watu wa motoni?" Sauti yake ilipanda kidogo, akaizuia. "Mtoto wa Duni amezima moto wa mamake wiki mbili. Nilimfundisha mie. Somo liliingia, Mzee Silima. Liliingia barabara. Nami sitaki tena somo liingie vile."

Khairiya, aliyekuwa ametoka tena edani na kujifunika nyuma ya wanawake wenzake, alisikika akivuta kamasi.

"Mie sijakubali," alisema Mzee Silima mwishowe. "Lakini mjukuu wangu atabaki hapa. Kusoma kama kunakofundishwa hapa sikuoni pengine."

Watoto wanne walihamishwa chuo kingine. Bi Mardhiya aliwaaga mmoja mmoja, akampa kila mmoja juzuu yake aende nayo. Mmoja alirudi baada ya mwezi, akaingia akaketi mahali pake kana kwamba alitoka kwenda kunywa maji, na hakuulizwa neno.

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Mwaka jana, mwezi wa Mfungo Sita, Shadya alihitimu msahafu mzima pamoja na wenzake wanane. Mtambile ilipikwa pilau ya kutosha vijiji vitatu, na alialikwa shehe mmoja kutoka Chake Chake kuja kuwasikiliza wahitimu. Shehe alikuwa na sauti nene na ndevu zilizotunzwa. Aliwasikiliza wote, akatikisa kichwa kwa raha, kisha akataka kuwajaribu.

"Wewe binti," alimwambia Shadya, "mtu aliyekufa na Ijumaa amekwisha kuiacha kwa sababu ya dunia, yuko wapi leo?"

Shehe hakujua anamuuliza nani. Khairiya alimshika mwenzake mkono. Mzee Silima, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alifungua mdomo kutaka kuingilia.

Shadya alisimama wima. Alikuwa amerefuka kumpita mwalimu wake kwa kichwa kizima.

"Kuiacha Ijumaa ni kosa kubwa, shehe, tumefundishwa hivyo na twaamini hivyo. Lakini mtu mwenyewe yuko wapi, hilo mie sijui. Na wewe hujui. Mungu ndiye ajuaye."

Alilisema bila jeuri na bila kutetemeka, kwa lafudhi ile ile iliyonyooka aliyosomea. Shehe alimwangalia muda mrefu. Hata wapishi uani walisimama na miko mikononi.

"Nani amekufundisha haya?" aliuliza shehe.

Watu wote wa Mtambile, waliokubali na wasiokubali, waligeuza vichwa upande mmoja. Katika safu ya nyuma ya wanawake, Bi Mardhiya aliweka chini sahani ya halua, akajifuta vidole kwenye ukingo wa kanga, akanyanyuka taratibu kwa sababu ya magoti. Hakutafuta maneno mengi.

"Mie," alisema.

Shehe aliinamisha kichwa. "Mungu akulipe, Bi. Jibu ni hilo." Akamkabidhi Shadya msahafu mpya, na vigelegele vikapasuka mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Mzee Silima alikuwa wa kwanza kumjia. "Sijakubali bado," alimwambia, huku akicheka mpaka mkongojo ukamtikisika. "Lakini umesomesha, Bi Mardhiya. Wallahi umesomesha."

"Kula pilau, Mzee," alisema Bi Mardhiya. "Itapoa."