Dirisha la Thora

Arva Jorgensen hakuamini kichwa chake. Mambo yote aliyaweka kwenye kompyuta. Alipostaafu upishi wa shule pale Ephraim, Utah, alijitosa kutafuta watu wa ukoo wake, na programu ya ukoo ikawa jiko lake jipya. Kila kazi ya utafiti aliiandika: swali gani, la nani, na mahali jibu linapopatikana. Kabla ya safari aliichuja orodha kwa mahali. Akienda maktaba ya Salt Lake, zilibaki kazi za maktaba tu. Akienda mahakamani Manti, za mahakamani tu. Nyingine zote zilijificha.

"Leo unakwenda kumsumbua marehemu gani?" mumewe Deloy alimtania. "Sisi tulio hai tuna njaa!"

"Walio hai hawana haraka, mzee. Wafu makaratasi yao yanaoza."

Swali moja lilimkaa moyoni kuliko yote. Elna, mdogo wa mama yake, alikufa kwa dondakoo akiwa mtoto, wakati nyumba yao imefungwa kwa karantini na hakuna aruhusiwaye kuingia wala kutoka. Alizikwa upesi shambani, bila jiwe. Mama yake Arva alipokuwa akikata roho alisema, "Mtafute Elna. Asilale kama hana watu." Arva akaahidi.

Krismasi moja mama mdogo Thora, aliyebaki peke yake kati ya ndugu wale, alisema ghafla mezani, "Mimi nilichungulia dirishani. Niliona baba alikompeleka Elna." Hapo hapo pai ikaletwa, watoto wakapiga kelele, mazungumzo yakahama. Arva alipofika nyumbani aliandika kazi mpya: kumuuliza mama mdogo Thora kaburi la Elna. Akaitia alama nyekundu. Pa kuandika mahali akapaacha wazi, maana Thora si maktaba wala mahakama. Kisha, kama mpishi aliyekwisha funika chungu, akaliondoa jambo lile kichwani.

Kila Jumapili baada ya kanisa alimpelekea Thora mikate laini kwenye nyumba ya wazee.

"Leo umenifufulia nani, mwanangu?"

"Babu mmoja wa Denmark, mama mdogo. Mwizi wa farasi."

"Ah, huyo mrudishe alale!"

Wakacheka. Msimu ukapita, na mwingine. Safari zikafuatana, orodha ikachujwa na kuchujwa, na kazi ile isiyo na mahali haikutokea hata mara moja.

Kiharusi kilimpiga Thora Januari. Simu ya kumpa habari ilipokwisha, Arva aliifungua orodha nzima bila kuichuja, atazame kama lipo la kumuuliza bado. Mstari mwekundu ukamkodolea macho. Alitoka kwenda kwa Thora bila hata kuvaa glavu.

Mdomo wa Thora ulikuwa umekwenda upande, maneno hayatoki.

"Mama mdogo, ni mimi Arva. Elna, baba alimpeleka wapi?"

Machozi yakamlengalenga mzee yule. Akainua mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, akaonyesha dirisha.

Arva akageuka. Nje palikuwa na maegesho ya magari na theluji chafu. Hakuwa akionyesha dirisha hili. Alionyesha lile la utotoni, na nyumba ile ilikwisha bomolewa zamani, shamba likalimwa lote. Mkono ukashuka kitandani.

Walimzika wiki iliyofuata. Baada ya kula viazi vya mazishi, vile vya jibini vinavyopikwa huko kila msiba, na kuosha vyombo vya kanisa, Arva alikaa mbele ya kompyuta. Desturi ya watafiti ni kuandika hata utafutaji usiozaa kitu. Pa kuandika mahali akajaza: kwa Thora. Pa matokeo akaandika: Alikuwa akijua. Sikumuuliza.

Deloy alisimama nyuma yake. "Ifute tu, mama. Itakuumiza."

"Haifutwi. Asije mtu akarudia kuuliza."

"Nani atauliza, Arva? Amuulize nani?"

Arva akaifunga kompyuta. Theluji ilikuwa imeanza tena, nayo ililifunika lile shamba alimolala Elna, lote sawasawa.