Jiko la umeme lilimpiga shoti mchomaji wangu, fundi akasema mama ana presha

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenitokea mwenyewe, anayebisha aje Soweto hapa Mbeya, nyama ataikuta.

Mimi la saba sikumaliza, ila choma yangu wenye digrii wanapanga foleni. Jiko ni la umeme, liko nje chini ya turubai. Mchomaji ni Mama Atu, mkono wake ndio biashara.

Jiko likaanza kumpiga shoti. Mwanzo nikasema ni ganzi ya baridi. Likazidi, akavua aproni akanifuata kaunta.

"Bosi, nina watoto mimi. Jiko likiniua, hawa wateja wako watakuja msibani kusifia nyama ilivyoiva."

Akasema hagusi tena, na jirani mwenye baa alishamwita akachome kwake. Mama Atu akiondoka, nafunga.

Nikaita fundi kutoka Mlandege, Iringa, shemeji alimsifia kama nabii. Kaja na miwani ya jua, na ukungu wote ule. Akapanda kwenye mbao za Mafinga tulizotandika upande wa wateja sababu ya tope, mabuti ya raba miguuni, akashika jiko mikono miwili. Eti halina kitu, huyu mama ana presha. Akala mishikaki, akasepa.

Jamani. Mbao kavu, raba kavu, umeme upite wapi? Mama Atu anasimama kwenye tope, malapa yamelowa.

Nikazima main switch, nikachomoa plagi, nikafungua kiboksi cha nyaya. Mle ndani maji ya chumvi na ndimu. Si tunanyunyizia nyama isikauke? Yanachuruzika humo. Ganda la waya limeliwa, shaba inagusa bodi ya jiko. Waya wa earth, ule wa kupeleka umeme ardhini, fundi fulani aliukata, akaukunja kama mkia wa nguruwe.

Nikaweka waya mpya, nikarudisha earth, kiboksi nikakihamishia pembeni, maji hayafiki. Nikawasha, nikapima bodi kwa tester, kimya.

Mama Atu hataki habari za tester.

"Vua viatu, bosi. Simama ninaposimama mimi."

Nikavua. Tope la baridi, wateja wameacha kutafuna. Nikashika jiko, hakuna shoti.

Mama Atu alikuwa ananiangalia usoni, sio mikononi. Halafu akavaa aproni, akaniambia nimpishe.

Funzo: jiko lipimwe pale anaposimama mchomaji. Mafundi mliochukia karibuni mjibu, ila mtuambie kwanza mkipima huwa mmesimama wapi.