Nilie au Ningoje

Mdogo wangu alivuka mto Rusizi na jeshi, akaenda kupigana Congo. Tulikuwa hatujamaliza hata kuzoea nyumba. Sisi ni watu wa Bukavu, huko huko Congo; tulirudi nchi ya wazee wetu, upande huu wa mto, baada ya mauaji ya kimbari. Malori yalipita darajani mchana kweupe, nasi tukasimama kando tukiyapungia mikono. Redio ikasema hakuna askari wetu hata mmoja ng'ambo. Haya. Kumbe tulikuwa tunapungia upepo.

Salamu zake zilikuja kwa wafanyabiashara, kisha zikakatika. Mama hakutaka mengi.

"Nenda ofisini uwaulize neno moja tu," aliniambia. "Nilie ao ningoje?"

Kwetu hukalii kilio cha mtu ambaye hajasemwa amekufa. Ni kumtakia mabaya.

Mkuu wa ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, hakunipa hata kiti.

"Maman, kule hakuna askari betu. Na wewe, nani alikuambia alienda kule?"

Nikamwambia basi awaulize wakubwa wake.

"Hiyo ni siri ya serikali."

Loo! Kitu hakipo, halafu ni siri. Nilitoka na hasira mpaka nikasahau mwavuli wangu, na mvua ikaninyeshea hadi nyumbani.

Bwana huyo alikuwa mteja wangu. Niliuza sambaza sokoni, vile visamaki vidogo vya ziwani, na Jumamosi akaja kama kawaida, beseni limejaa mbele yake.

"Maman, unipimie sambaza."

"Hakuna sambaza, Mzee."

"Na hizi?"

"Nani alikuambia ni sambaza?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Nami nilicheka, sitadanganya, nilisikia raha. Yeye hakucheka. Alisimama na mfuko wake mtupu mkononi, kisha akainama juu ya beseni kama anayechagua, akasema kwa sauti ya chini:

"Maman, umwambie mama yako alie."

Nikampimia. Sikumbuki kama alilipa.

Mama alilia chumbani, mdomo ameuziba na kitenge. Kilio cha hadharani kingeulizwa habari imetoka wapi, na yule bwana alikuwa na watoto. Hatukuwasha moto wa matanga uani wala hatukutandika mikeka. Jirani aliposikia sauti akaja kuuliza kuna nini, nilimfungulia mlango mimi mwenyewe.

"Hakuna," nikamwambia.