Blanketi Lililoachwa Kitandani

Wewe unayefunga sanduku sasa hivi katika hoteli ya ziwani, ukiwaza umwachie nini yule aliyekutandikia kitanda, sogea kidogo nikuambie. Wajukuu wangu huniuliza jambo hilo kila wanaposafiri, kwa sababu wanajua kazi hiyo niliifanya mimi. Wao huuliza kiasi gani. Kiasi ni jambo jepesi: kwa kila usiku uliolala, bei ya kinywaji ulichokunywa jioni ukitazama ziwa inatosha, na kama huna, nusu yake si aibu. Linalotaka maelezo ni namna ya kutoa.

Miaka michache kabla ya uhuru wa Kongo nilikuwa boyi wa vyumba katika oteli moja ya Bukavu, mlimani kando ya ziwa. Kutandika vitanda vya wageni ilikuwa kazi ya wanaume, na wake zetu huko Kadutu, mtaani kwetu, walicheka sana, maana nyumbani hakuna hata mmoja wetu aliyegusa shuka. Zawadi ya mgeni tuliiita matabishi. Yalikuwa sarafu, au shati, au kopo la maziwa. Kilichotoka mkononi mwa mgeni mbele ya mtu kilikuwa chako. Kilichokutwa chumbani baada ya mgeni kuondoka kiliendelea kuwa cha mgeni, hata kama amekwisha kuvuka bahari, na kilipelekwa stoo ya bwana mkubwa. Sikuona kitu kikirudi kutoka stoo ile. Aliyekitoa nje mwenyewe aliitwa mwizi, akapoteza kazi siku hiyohiyo.

Langoni alikaa mlinzi, tuliyemwita zamu, mzee wa Mwenga aliyewahi kuwa askari. Jumapili tulikunywa kasiksi pamoja, pombe ya ndizi, kutoka kibuyu kimoja. Jioni za kazi aliupekua mfuko wangu kana kwamba hajapata kuniona, na kila alichokikuta alikiulizia mambo mawili tu: nani alikupa, na nani aliona.

"Muzee, hata mimi?" nilimwuliza siku moja.

"Kule kwa kasiksi weye ni ndugu yangu," akasema. "Hapa weye ni mufuko."

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, alikuja mgeni mwanamke wa makamo, mjane, kumtembelea mwanawe aliyekuwa na shamba la kahawa nje ya mji. Alikaa kwetu majuma kadhaa. Kila asubuhi nilikuta ametandika kitanda mwenyewe ili kunipunguzia kazi. Kilikuwa kimetandikwa vibaya kabisa: shuka imejikunja katikati, upande mmoja unafagia sakafu. Nilingoja ashuke kunywa kahawa, nikatandua vyote na kuanza upya. Sikumwambia kamwe. Mtu akikusaidia vibaya kwa moyo mwema, mwache akusaidie.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na sehemu kubwa ilihusu chakula. Lakini alijua kwamba mke wangu ni mja mzito, na kila asubuhi aliuliza neno moja:

"Mutoto?"

"Bado, madamu."

Mpaka asubuhi niliyomjibu, "Iko, madamu. Mwanamuke." Aliketi juu ya kitanda chake kibaya akapiga makofi. Akaniuliza kama nyumbani kuna joto. Nikasema ukweli, kwamba hakuna. Mvua ya Bukavu huingia na ubaridi wake hata pale ambapo maji hayaingii. Mtoto tulimfunika kitenge na koti langu, na alikuwa ameanza kukohoa. Mke wangu alikuwa halali, anamshika kifuani ili ampe joto la mwili wake.

Siku madamu alipoondoka nilikuwa dobini nikichukua mashuka. Niliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Juu ya kitanda kulikuwa na blanketi lake mwenyewe, jekundu, la sufu nzito, alilokuja nalo kutoka Ulaya. Lilikunjwa vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Juu ya blanketi kulikuwa na soksi mbili za kufuma, ndogo kiasi cha kuvikwa kidole gumba. Hakukuwa na mgeni mwenye miguu ya namna hiyo katika oteli nzima.

Sikuligusa. Nilishuka langoni kwa zamu, mikono mitupu.

"Muzee, madamu aliniachia bulangeti ya mutoto."

"Nani aliona?"

"Hakuna. Aliiacha juu ya kitanda."

"Kitanda iko na kinywa?"

"Kuko na soksi ya mutoto juu yake. Hata weye unajua ni ya nani."

"Mimi najua. Mulango haijue." Akatazama chini, upande wa bandari. "Meli ya Goma ingali pale. Kimbia. Bwana akiniuliza uko wapi, nitamwambia ulipita hapa. Hiyo ni kweli."

Nilikimbia na nguo zangu nyeupe za kazi, na nguo hizo zilinifungulia njia, kwa kuwa polisi wa bandari alidhani nimetumwa. Madamu alikuwa amesimama karibu na ngazi ya meli. Shofa wa oteli, aliyemleta kwa gari, alikuwa akishusha masanduku.

"Ebu tazama," shofa akasema. "Boyi anafuata madamu mupaka mu maji."

Nilijaribu kueleza. Madamu alisikia neno blanketi, akanywea. "Blanketi mubaya?"

"Hapana, madamu. Ni muzuri sana. Lakini mulango inakataa."

Hakuelewa. Alifungua mkoba wake atafute pesa, akidhani nimekuja kuomba zaidi. Niliiweka mikono yangu nyuma ya mgongo, na sijui kama nimewahi kuona haya kuliko pale. Shofa alipoiona mikono yangu iko nyuma, aliacha kucheka. Alimweleza kwa Kifaransa: lango, stoo, na maswali mawili ya zamu.

Madamu akawa mwekundu mpaka shingoni. Alinieleza polepole, na shofa alimsaidia pale maneno yalipomwishia, kwamba aliondoka kimyakimya kwa makusudi. Hakutaka nisimame mbele yake nikishukuru kama mwombaji. Kwake yeye hiyo ilikuwa heshima. Nilimwelewa, na nikampenda zaidi.

Meli ikapiga honi. Blanketi lilikuwa juu mlimani. Basi akaitoa mikono yangu nyuma ya mgongo, akaifungua, akaweka viganja vyake juu ya vyangu kama mtu anayekabidhi kitu kizito. Akamgeukia shofa. "Ona," akasema.

Shofa, mtu wa kumcheka kila mtu, alivua kofia. "Nimeona, madamu."

Jioni ile nilifika langoni na blanketi mikononi, shofa pembeni yangu.

"Nani alikupa?"

"Madamu," shofa akajibu. "Mbele yangu."

"Bulangeti ilikuwa mu mikono?"

"Hapana. Alimupa na mikono mitupu."

Zamu alifikiri sana. Alizishika zile soksi, akazirudisha juu ya blanketi, akazipanga sawa. "Toka nilinde mulango hii, sijaona namna hiyo," akasema. "Pita."

Nyumbani mke wangu alinizuia mlangoni, mtoto kifuani, akaiga sauti nzito ya mzee wa Mwenga: "Nani alikupa? Nani aliona?" Kisha akalichukua blanketi kabla sijajibu. Usiku ule mtoto alilala, naye akalala. Watoto wetu wote walifunikwa blanketi hilo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wekundu wake ukafifia.

Malango kama lile bado yapo, na mazamu wake bado wanauliza. Kwa hiyo kesho, kabla hujaondoka, usiache kitu kitandani. Mtafute aliyekutandikia, mwite na mwenzake mmoja asimame hapo, weka ulichonacho mkononi mwake, kisha useme kwa sauti ya kusikika: hii ni yako.